Picha Iliyoninyima Nyongeza

Picha yenyewe nilipigwa bure. Nianze hapo, kwa sababu najua kwenye chama hiki cha wachuuzi hakuna mtu atakayenisikiliza kabla ya kujua kitu kilikuwa pesa ngapi. Nilipigwa bure, na sikuombwa hata kusimama vizuri. Gharama ilikuja baadaye, nayo ni hii: nyumba moja ya kupanga Sarang'ombe, kule Kibera, mahali pangu pa kuchukua mali Soko la Toi, salamu za majirani wa ploti nzima, na vitunguu. Hesabu hiyo nimeipiga mara mbili. Mara ya pili ilitoka kubwa kuliko ya kwanza, nikaacha.

Ndugu zangu, mwenyekiti ameniambia nisimame leo kwa sababu ni mwaka sasa tangu mnipokee hapa Kongo, Kawangware. Lakini mimi namjua mwenyekiti. Amenisimamisha kwa sababu wageni wetu wa leo wananitazama tangu waingie, kama mtu waliyemwona mahali wakasahau ni wapi. Ndiyo, ni mimi. Yule mama wa mwavuli. Punguzeni kunong'ona, niwaeleze.

Mimi huuza miavuli kwenye jam ya magari. Watu wengi wa Nairobi huomba barabara ifunguke. Sisi wa biashara yangu tuna ombi tofauti, ila hatuliombi kwa sauti. Jam ikiwa nzito na wingu likiwa jeusi, hiyo kwangu ndiyo Krismasi. Wakati huo nilikuwa nauza Barabara ya Ngong, karibu na Toi. Asubuhi nachukua miavuli kwa mzee mmoja wa pale sokoni bila kutoa hata shilingi. Jioni namrudishia iliyobaki, na pesa ya iliyonunuliwa. Tulikuwa hatuandikiani popote wala hatuweki shahidi. Alikuwa anajua kwamba sina kitu, na mtu asiye na kitu anayerudi kila jioni, huyo unaweza kumpa mali.

Nikitoka kwake napitia kwa Bi Zainabu. Huyu ni Mnubi, amezaliwa Kibera, mama yake alizaliwa Kibera, na huuza mboga kwenye baraza ya nyumba yao. Tulikuwa tunapigania bei kila jioni kama watu waliokosana. Yeye ananiita mwizi, mimi namwita mnyonyaji. Tukishamaliza, anafunga mboga yangu ya sukuma wiki, halafu mkono wake unarudi kwenye meza kama mkono uliosahau kitu. Unachukua kitunguu kimoja, unakitia ndani. Yeye hasemi neno na mimi sisemi neno. Hiyo ndiyo nyongeza. Kwenye bei haimo, maana bei tumeshaimwagia damu. Nyongeza ni ya kukuambia kwamba vita vimeisha na mimi na wewe bado ni majirani.

Sasa sikieni siku yenyewe.

Kuna mwanamuziki mmoja mkubwa. Jina silitaji, kwanza kwa sababu hapa hatutaji mtu asiyekuwepo, na pili kwa sababu mimi na yeye tuna hesabu ambayo haijafungwa. Wiki hiyo mji mzima ulikuwa unamzungumzia yeye na mchumba wake, ameachwa, hajaachwa, amerudiwa. Kwa hiyo gari lake lilipokwama kwenye jam, nyuma yake kulikuwa na bodaboda, na kwenye kila bodaboda mpiga picha amekaa kinyumenyume na kamera kubwa kama sufuria ya ugali. Mvua ikaanza. Yeye amechelewa shoo mjini, amevaa suti nyeupe pe, na jam haisogei. Akafungua mlango atoke, apande boda.

Mimi nikamfungulia mwavuli juu ya kichwa.

Watu wameandika eti ilikuwa huruma. Ndugu zangu, nawaambia, huruma haikuwepo. Mtu akishasimama chini ya mwavuli wako mvua ikinyesha, ameshaanza kuununua. Kilichobaki ni bei.

"Boss, huo ni mia tatu."

"Mia tatu? Mathe, huu si wa mtoto?"

"Wa mtoto hauna vyuma vinane. Hesabu."

Na akahesabu! Mtu mzima, nyota, amesimama katikati ya barabara na madereva wanapiga honi, anahesabu vyuma vya mwavuli kwa kidole. "Nane," akasema. "Sawa. Lakini hapa juu kuna kitu kimetoka."

Alikuwa ameona. Kile kifuniko kidogo cha plastiki cha pale nchani kilikuwa kimeng'oka tangu asubuhi, na mimi nilikuwa nakishikilia kwa kidole nikijifanya nimeunyoosha mkono tu. Akakitoa, akakiinua juu. "Na hii?"

"Hiyo ni mapambo."

"Basi niuzie bila mapambo. Mia mbili."

"Mia mbili themanini."

"Mia mbili hamsini, na hii kofia yake nakurudishia."

Aki nilicheka. Unajua unapokutana na mtu anayejua kazi? Tukagonga. Akaniwekea kile kifuniko kiganjani, akafunga vidole vyangu kwa mikono yake miwili, na yeye akicheka mpaka meno ya nyuma. Hapo ndipo picha ilipopigwa.

Halafu akajipapasa mifuko. "Sina cash, mathe. Nipe namba, msee wangu wa kazi atakutumia saa hii." Nikamtajia namba mara mbili. Akairudia sawasawa, bila kukosa. Akapanda boda na mwavuli wangu, akaenda. Na mimi nikabaki na kofia, pesa haikuja.

Jioni binti yangu Stacy akaingia nyumbani na simu mkononi, macho yametoka. Picha ilikuwa imefika kabla yangu. Chini yake wameandika: Nyota amwaga baraka kwa mama wa jam. Watu wakaanza kuivuta ile picha kwenye simu, kuivuta, kuivuta, mpaka kiganja changu kikajaa kioo chote. Mmoja akasema, kiganja kimefungwa, kuna kitu ndani. Mwingine akasema hiyo si mia tano, hakuna mtu hufunga mia tano namna hiyo. Kufika saa ya kulala wameshakubaliana kwamba ni funguo. Kufika asubuhi funguo zimepata nyumba. Nyumba iko Syokimau, ina vyumba vitatu na maji ya mfereji.

"Mama Stacy, umeomoka, umekuwa tajiri!" Ploti nzima mlangoni kwangu.

Nikawaonyesha kifuniko. "Hiki ndicho kilikuwa mkononi. Kimetoka kwa mwavuli."

Wakakipitisha kutoka mkono hadi mkono, hata Bi Zainabu aliyekuja kushuhudia akakishika. Jirani yangu wa mlango wa pili akakinusa, akanirudishia, akasema, "Funguo za siku hizi ni kama hizo. Nyumba za matajiri zinafunguliwa na plastiki."

Nawaambia, mtu akiamua wewe ni tajiri, hakuna kitu unaweza kumwonyesha. Ukivaa viatu vibovu, unazuga. Ukila ugali mkavu, uko kwa dayati ya kupunguza kilo.

Nikaenda Toi kuchukua miavuli. Mzee akaniangalia kama ananipa pole. "Mama Stacy, mali ya mkopo ni ya wale hawana. Wewe sasa leta pesa mkononi." Nikamwambia sina. Akacheka, akanipiga bega: "Na bado unachekesha." Miavuli yangu akampa mtu mwingine nikiangalia. Kwenye jam madereva wananifungulia dirisha kunitazama tu. "Si ulipewa nyumba? Enda ulale." Mwenye ploti naye akaja, mtu ambaye hajawahi kuja hata choo kikijaa, akasema ameona mambo yangu na anafurahi sana, na furaha yake ilikuwa kwamba kodi imepanda.

Yote hayo niliyameza. Kilichonikwama ni kitunguu.

Jioni hiyo nilifika kwa Bi Zainabu nikiwa nimechoka na kelele za watu. Sikutaka maneno. Alitaja bei ya sukuma, na mimi nikalipa. Nilidhani ninajishusha, nisionekane mtu wa kelele. Akafunga sukuma. Nikangoja mkono urudi kwenye meza. Mkono haukurudi.

Nikasimama. Yeye pia akasimama.

"Kuna kitu umesahau?" akaniuliza.

"Mimi? Hapana. Na wewe?"

"Mimi pia hapana."

Nilitembea mpaka nyumbani nikipekua yale majani moja moja, labda kitunguu kimejificha. Jioni ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu nikapita njia nyingine.

Ninyi wenyewe mnajua biashara. Bila mali ya kuaminiwa, nilinunua miavuli michache kwa pesa ya chakula, na jua likawaka wiki mbili kama limelipwa. Kodi mpya ikanishinda. Nikahama. Na siku ya kuhama, jamani, mwenye mkokoteni ananitajia bei mara mbili ya kawaida.

"Kwa nini?"

"Syokimau ni mbali."

"Naenda Kawangware."

Akanikonyeza. "Haya mama, sema hivyo." Majirani wakasimama mlangoni kunipungia mkono, mmoja akauliza mbona nabeba masufuria yale yenye masizi, kwani kule sitapewa mapya?

Nilifika Kongo na binti mmoja, mkokoteni mmoja, na mwavuli mmoja, wangu mwenyewe, uliokwishatumika. Nilikuwa natoka nje na leso kichwani mpaka kwenye nyusi, nisijulikane. Mahali pa kwanza niliponunua mboga ni pale kwenye kona, kwa Mama Njeri. Leo ndiye mwenyekiti wetu, amekaa pale mbele anajifanya anasoma ajenda. Nilinunua sukuma ya ishirini kwa sauti ndogo. Akafunga. Mkono wake ukarudi kwenye meza, ukachukua kitunguu, ukakitia.

Nilifika nyumbani nikakiweka juu ya meza, sikukipika. Stacy akaniuliza, "Mum, hicho ni cha nini?" Nikamwambia, cha kuangalia.

Siku kadhaa zikapita hivyo, nyongeza juu ya nyongeza, nikaanza kunenepa roho. Halafu jioni moja, kona imejaa watu wanatoka kazini, leso ikateleza.

"Ngoja," Mama Njeri akasema. "Ngoja kwanza. Wewe si yule wa Syokimau?"

Kona yote ikageuka. Na mimi sikuwa naangalia watu, nilikuwa naangalia mkono wake. Ulikuwa tayari umeshika kitunguu, umesimama hewani, hauendi mbele wala haurudi. Ndugu zangu, maisha yangu yalikuwa yamening'inia pale. Kitunguu kikirudi mezani, nimekwisha Kawangware kama nilivyokwisha Kibera. Sitapewa mali na mtu, sitauziwa bei ya jirani, na sikuwa na mahali pengine pa kuhamia.

Mvua ikaanza. Mama Njeri hakuwa na kitu kichwani. Akasema kwa kejeli, "Basi nipe huo mwavuli wako wa mkononi. Si wewe ni tajiri? Utanunua mwingine."

Mtu mwenye hekima angempa. Angempa bure, amalize maneno, apendwe. Mimi mdomo wangu ulifunguka wenyewe.

"Mia tatu."

"Ati?"

"Mia tatu. Una vyuma vinane. Hesabu."

"Mia tatu, huu umetumika mpaka umepauka? Hamsini!"

"Hamsini nunua mfuko wa nailoni uvae kichwani."

"Mia moja, na ni kwa sababu nakuonea huruma."

"Huruma yako weka kwa sukuma, imenyauka tangu mchana. Mia mbili hamsini."

"Sukuma yangu imenyauka? Wewe! Watu wangu mmesikia?"

Wueh. Tulipigana. Watu walisahau kupanda magari. Mvua inatunyeshea sote wawili, mwavuli uko katikati umefungwa kwa sababu hakuna aliyekubali mwenzake aujaribu kabla ya bei. Nilipofika mia moja themanini na yeye amesimamia mia moja sabini, nilimwambia sitoki hapo mpaka nife, na hata hiyo themanini nataka fungu la dhania juu.

Mama Njeri akashika kiuno kwa mkono mmoja. Akanitazama kutoka kichwani mpaka kwa slipa, maji yakimtiririka puani. Kisha akawageukia watu.

"Jameni, huyu hana nyumba yoyote."

"Nani amesema ninayo?"

"Mtu wa vyumba vitatu hawezi kusimama kwa mvua anapigania shilingi kumi!"

"Shilingi kumi ni shilingi kumi," nikasema.

"Mnamsikia? Huyu ni wetu." Akatoa mia moja themanini, akanitupia dhania, na ule mkono ambao ulikuwa hewani tangu zamani ukashuka ndani ya mfuko wangu. Kitunguu kikagonga sukuma, pu. Hata leo naweza kuusikia mlio wake.

Hapo ndipo nikawaeleza, mtu wa kwanza hadi wa mwisho, habari ya kifuniko. Walicheka mpaka muuza mutura akaacha nyama ikaungua. Kesho yake Mama Njeri akanishika mkono, akanipeleka sokoni kwa mtu wake wa miavuli, akamwambia, "Huyu hana kitu kabisa. Mpe mali." Sijawahi kusifiwa vizuri namna hiyo. Tangu siku hiyo niko kwenye jam ya barabara yetu ya hapa, na mwezi uliofuata mkanipa kiti kwenye chama hiki.

Bado kidogo nimalize, mwenyekiti, usiangalie saa.

Jumapili iliyopita, Bi Zainabu alikuja. Kutoka Kibera mpaka hapa, na gunia dogo. Alikuwa amesikia Toi kwamba niko Kongo nachukua mali kwa kuaminiwa. Akakaa kwangu, akakataa chai, akaanza na ugomvi.

"Mbona hukuniambia ukweli?"

"Nilikuambia. Nilikuonyesha hata kile kifuniko."

"Ulinionyesha plastiki! Plastiki inaniambia nini mimi? Jioni ile nilikutajia bei ya juu makusudi, nikangoja unitukane. Ukalipa. Umenilipa kama mgeni, Mama Stacy. Nikasema basi, ni kweli, ametuacha."

Mwaka mzima nilikuwa nimelaumu picha, na nyota, na wale wenye kamera. Kumbe ploti ilidanganywa na picha, lakini Bi Zainabu nilimdanganya mimi, kwa kulipa alichosema.

Akanisukumia gunia. "Nyongeza zako. Nilikuwa naziweka kando, moja kila wiki, huku nimekukasirikia. Vikianza kuota nabadilisha. Hesabu."

Nikahesabu. Nikahesabu tena. "Kimoja kimepungua."

"Kimoja nilikipika. Nilikuwa na hasira sana siku hiyo."

Yuko hapa leo, kiti cha nyuma, ndiye anayemwambia mgawa soda kwamba tumeuziwa ghali. Bi Zainabu, asante. Mwenyekiti, asante, na ule mwavuli ulikuwa mzuri, acha kulalamika. Wanachama wote, mliniamini kwa sababu sikuwa na kitu, na sasa nina kitu kidogo mbona mnaendelea? Asanteni. Stacy, asante kwa kutonunua simu nyingine ya kuniletea habari.

Kama kuna kitu nimejifunza, ni hiki. Usimlipe mtu anayekupenda bila kubishana naye. Ukinyamaza, atadhani umehama, hata kama bado uko mlango wa pili.

Sasa nina jambo ambalo nataka msaada wenu, na hili ndilo lililonifanya nikubali kusimama. Alhamisi nilipigiwa simu. Ni yule msee wa nyota, yule ambaye angetuma saa hii. Anasema bosi wake amekumbuka. Wanataka kuja hapa Kongo kulipa ile mia mbili hamsini, pamoja na zawadi ya sapraizi. Nikamwambia vizuri, tuma kwa simu, na ada ya kutuma ni yenu. Akasema hapana, bila picha haina maana, watakuja na kamera.

Nikauliza sapraizi ni ya pesa ngapi. Akasema sapraizi haitajwi bei. Mimi tangu nizaliwe sijanunua kitu kisichotajwa bei. Tena naona kabisa kitakachotokea: wakinipiga picha nyingine, kesho yake nitaenda kwa Mama Njeri na mkono wake utasimama hewani. Lakini pia mia mbili hamsini ni mia mbili hamsini, na mwavuli ulikuwa wangu.

Atapiga tena kesho asubuhi. Mnishauri: nichukue haki yangu mbele ya kamera, au nimwachie nibaki na vitunguu? Semeni mmoja mmoja. Mama Njeri, nimeona mkono wako, ngoja. Na mkiona nimkubalie, basi aje bila kamera, na mwavuli aubebe. Kifuniko chake ninacho hapa kwenye kibeti. Akilipa nitamrudishia, maana bila hicho unavuja pale juu, na mvua ya mwezi huu si ya kuchezea.